Bogenvilia ya Chunguni: Ihamishwe au Iachwe?

Muulize muuza miche wa Barabara ya Bagamoyo, Dar es Salaam, au wa Ngong Road, Nairobi, kuhusu bogenvilia iliyokaa chungu kimoja miaka minne, na jibu halitachelewa: iache hapohapo, ua hilo halitaki kuguswa mizizi, na likibanwa ndipo linapochanua. Muulize mtu anayelea miti midogo ya bonsai, naye atakupa jibu la kinyume: huitoa bogenvilia yake kila baada ya miaka miwili au mitatu, huikata mizizi hadi theluthi nzima, huirudisha katika sinia lenye kina cha vidole vinne, na mwaka haupiti haijachanua. Kisha msikilize mwenye nyumba aliyeihamishia yake kwenye chungu kikubwa cha saruji, akaijazia udongo mzuri na samadi ya kutosha, ikapukutisha majani yote na isiote tena.

Watu hawa watatu hawadanganyi. Kila mmoja anasimulia alichokiona kwa macho yake. Wanapingana kwa kuwa wote wanazungumzia mizizi na vyungu, ilhali kinachoamua ni maji: kiasi ambacho mizizi inaweza kuvuta, kiasi ambacho majani yanapoteza, na kiasi kinachobaki katika udongo ambao mizizi haijaufikia. Ukiipiga hesabu hiyo, ushauri wa muuza miche na wa mtu wa bonsai unapatana, na kifo cha bogenvilia ya mwenye nyumba kinaelezeka.

Mmea wa nchi yenye kiangazi

Bogenvilia ilitufikia kutoka Amerika Kusini. Mwaka 1767, Philibert Commerson, mtaalamu wa mimea katika msafara wa Kifaransa wa kuizunguka dunia, aliikuta Rio de Janeiro, ikapewa jina la mkuu wa msafara huo, Louis Antoine de Bougainville. Karibu aina zote zinazouzwa leo zimetokana na spishi tatu au michanganyiko yake: Bougainvillea glabra na Bougainvillea spectabilis, ambazo asili yake ni Brazil, na Bougainvillea peruviana ya upande wa Peru. Huko kwao hukwea miti mingine kwa kujishika na miiba, katika nchi ambako mvua na kiangazi hupokezana. Mvua ikinyesha hurefusha matawi. Maji yakipungua huchanua.

Mambo mawili ya maumbile yake yanahusu moja kwa moja suala la kuhama. La kwanza ni mizizi. Ile minene ni michache, na ile myembamba ni dhaifu, hukatika upesi, wala haisukani ikaushika udongo kama ifanyavyo mizizi ya ficus. Ukiutoa mmea chunguni kabla mizizi haijajaa, udongo humomonyoka wote na kuondoka na mizizi myembamba, ambayo ndiyo inywayo maji.

La pili ni kwamba mwiba na shada la maua hutoka katika chipukizi la aina moja, kwenye kwapa la jani. Maji na naitrojeni vikiwa tele, machipukizi mengi huwa miiba na tawi huzidi kurefuka. Jua likiwa kali na maji yakibanwa, mengi huwa mashada: majani matatu ya rangi, yale ambayo sote huyaita maua, yakizunguka vijiua vitatu vyeupe vyembamba. Kwa hiyo kila unapobadilisha chungu unabadilisha pia mwelekeo wa machipukizi hayo, kwa sababu unabadilisha kiasi cha maji kinachokaa karibu na mizizi.

Je, kubanwa ndiko kunakoleta maua?

Imani kwamba bogenvilia huchanua ikibanwa ina ushahidi, ila ushahidi wenyewe umesomwa vibaya. Mizizi inapojaa chunguni, udongo uliobaki ni mchache na hukauka upesi. Mmea hupata kiu mara kwa mara, ukuaji wa majani hupungua, na maua hutokea. Ni ile kiu iliyofanya kazi. Tazama bogenvilia zilizopandwa ardhini kwenye kuta za Lamu au kando ya barabara za Nairobi. Hakuna chungu kilichozibana, mizizi yake imekwenda itakako, na bado kiangazi kikiingia hufunika kuta nzima kwa rangi. Tazama pia upande wa pili: bogenvilia iliyobanwa kabisa lakini imekalishwa juu ya kisahani kilichojaa maji wakati wa masika. Hiyo hutoa majani na miiba tu.

Urefu wa mchana nao una mkono wake, maana bogenvilia nyingi huchanua kwa wepesi mchana unapokuwa mfupi. Hapa ndipo ushauri wa nchi za mbali unapotuchanganya. Nairobi, tofauti kati ya mchana mrefu kuliko yote na ule mfupi kuliko yote katika mwaka ni kama dakika 10. Dar es Salaam haifiki saa moja. Muscat inakaribia saa tatu, na London ni karibu saa tisa. Mkaaji wa Muscat huona bogenvilia ikichanua majira ya baridi kwa sababu jua lenyewe linampangia kalenda. Kwetu jua halipangi sana. Anayepanga ni mvua, na kwa mmea wa chunguni, ni mkono unaoshika ndoo ya kumwagilia.

Hitimisho la sehemu hii lina makali yake: usiihamishe bogenvilia kwa sababu haichanui, wala usikatae kuihamisha ukiogopa kupoteza maua. Kama haichanui, angalia kwanza jua na maji. Mmea unaopata jua la moja kwa moja chini ya saa sita kwa siku hautakuwa na maua ya maana hata ukiubadilishia vyungu kila mwaka.

Dalili za kweli za kuhama

Ikiwa maua si kipimo, kipimo ni nini? Ni mahali ambapo kiu ya faida inageuka kuwa kiu ya hasara. Bogenvilia iliyomwagiwa asubuhi ikalegea kabla ya adhuhuri, siku baada ya siku, imemaliza udongo wake. Majani mapya hutoka madogo, majani ya rangi hudondoka mapema, na katikati ya kichaka hubaki vijiti vitupu. Chungu cha plastiki huvimba au kupasuka, donge la mizizi hujisukuma juu, na mizizi huchungulia kwenye matundu ya chini.

Dalili moja hudanganya, nayo ni maji kupita chunguni kwa sekunde chache. Huenda mizizi imejaa, lakini huenda pia udongo umekauka mno hadi unayakataa maji, yakawa yanateremka kati ya donge na ukuta wa chungu na kutokea chini bila kulowesha kitu. Hali hii hutokea sana pale udongo ulipochanganywa na usumba au mboji nyingi. Kitumbukize chungu kwenye beseni la maji mpaka mapovu yakome, kisha kiache kichuruzike. Kama baada ya hapo mmea unakaa siku mbili tatu bila kulegea, shida ilikuwa ukavu, na chungu kinatosha.

Jibu la mwisho liko ndani. Laza chungu ubavu, kigonge pande zote, uvute mmea taratibu kutoka kwenye shina la chini. Ukiona nje ya donge mizizi mingi kuliko udongo, wakati umefika. Ukiona udongo mwingi na mizizi ya hapa na pale, urudishe na uuache.

Kukata au kutogusa

Tukirudi kwa muuza miche, tuelewe anachokiona kila siku. Miche yake imo katika viriba vyeusi vya plastiki vilivyopangwa chini, juu ya ardhi tupu. Mche usipopata mnunuzi kwa miezi, mizizi yake hutoboa chini ya kiriba na kuzama ardhini, na kuanzia hapo sehemu kubwa ya maji hutoka huko. Mteja akija, kiriba huvutwa, mzizi ule hukatika, na mche unakwenda nyumbani ukiwa na majani yaleyale lakini na nusu ya uwezo wake wa kunywa. Jioni hiyohiyo mnunuzi huchana kiriba, udongo ukamwagika, akapanda kilichobaki. Mche ukifa, lawama hupewa kuguswa kwa mizizi. Lawama hiyo ina haki, kwa mche wa namna hiyo.

Mtu wa bonsai yuko katika hali nyingine kabisa. Mmea wake ni mzee, una akiba ya chakula katika shina nene, na umezoea chungu. Anaukata wakati wa joto, unapokuwa tayari kuchipua. Anatumia kisu au mkasi mkali, hivyo majeraha ni safi na hayakuchanika. Muhimu kuliko yote, siku ileile anayoikata mizizi hukata na matawi, mara nyingi zaidi ya nusu, na pengine huondoa majani yote. Mizizi iliyobaki haina majani mengi ya kuyatumikia. Halafu anapanda katika mchanganyiko wa chembe kubwa ambao haukai na maji. Pande zote mbili za hesabu zimepunguzwa pamoja.

Kutokana na hayo, kanuni zinakuwa mbili kulingana na umri. Mche mchanga wa kiriba usiguswe mizizi kabisa: chana kiriba kwa wembe kikiwa tayari ndani ya chungu kipya, jaza udongo pembeni, kisha chomoa plastiki vipandevipande. Mmea wa miaka mingi uliojaa chungu uguswe, tena bila woga, kwa sababu mizizi inayojizungusha ukutani itaendelea kuzunguka hata ikipewa nafasi mpya. Nyoa sentimita mbili au tatu kuzunguka donge, kata robo ya chini, na ulipe kwa matawi: theluthi moja ya kichaka kwa uchache. Anayeona uchungu kuyakata matawi yenye maua asubiri maua yaishe. Asikate mizizi akaacha matawi.

Aina nazo zinatofautiana. Zile za ukoo wa glabra huvumilia chungu na huchanua zikiwa ndogo, ndiyo maana zinafaa kwa baraza. Zenye majani ya mabaka meupe au ya manjano hukua polepole, kwa kuwa sehemu ya jani haina kijani cha kutengeneza chakula. Hizo zikatwe kidogo na zipewe muda mrefu zaidi wa kupona.

Hesabu ya chungu kikubwa

Sasa tumgeukie mwenye nyumba. Chukua chungu kilichonyooka pande zote, chenye upana wa sentimita 30 na kimo cha sentimita 30. Kinabeba kama lita 21 za udongo. Ukipanda hadi sentimita 35 kwa 35, unapata kama lita 34, yaani nyongeza ya lita 13. Ukiruka hadi sentimita 50 kwa 50, unafika lita 98, yaani nyongeza ya lita 77. Donge la mizizi ni lilelile la lita 21 katika hali zote mbili.

Zile lita 77 hazina mnywaji. Ukizimwagia, maji yake hayana njia ya kuondoka ila kuchuruzika na kufuka polepole juu. Hewa hutoka, mizizi ya pembeni hukosa pumzi, vimelea vya kuoza huingia, na uozo husogea kuelekea katikati. Katika nyongeza ya lita 13, mizizi huenea kote katika majuma machache na udongo hukauka kwa mpangilio. Ndiyo sababu wakulima wa maua huongeza upana wa sentimita tano kwa mara moja, saba zikizidi. Anayetaka hatimaye kufika chungu cha nusu mita apande ngazi kwa ngazi, na kwa nyumba za ghorofa akumbuke pia kwamba lita 98 za udongo uliolowa zina uzito unaozidi kilo 100.

Kitu cha kutengenezea chungu nacho kimo katika hesabu. Chungu cha udongo wa kuchomwa hupitisha maji kwenye kuta zake, kwa hiyo husamehe mkono mzito wa kumwagilia. Plastiki na ndoo za rangi zilizotumika hazisamehi. Zinahitaji matundu mengi chini na, kama ni nyeusi, kivuli cha kukinga ukuta wa chungu chenyewe, kwa sababu jua la Muscat au Mombasa likizipiga ubavuni mizizi ya upande huo huungua. Chungu kipya cha saruji hutoa chokaa. Kijaze maji, yamwage, rudia kwa wiki moja au mbili kabla ya kupanda.

Udongo: hekaya ya kokoto na tatizo la matumbawe

Karibu kila mtu hufundishwa kutandaza kokoto chini ya chungu ili maji yatoke. Kokoto hizo hazisaidii. Maji yanaposhuka katika udongo wenye vitundu vidogo na kukutana na kokoto zenye nafasi kubwa, hayavuki mpaka udongo ulio juu yake ulowe kabisa. Sehemu iliyolowa, ambayo ingekaa sakafuni mwa chungu, inainuliwa karibu zaidi na mizizi. Jaribio rahisi linaonyesha sheria inayotawala hapa: lowesha sifongo, ilaze mpaka iache kudondosha, kisha isimamishe wima. Itadondosha tena. Kimo ndicho kinachofukuza maji, kwa hiyo chungu kirefu hukauka vizuri kuliko sinia la ujazo uleule, na mtu wa bonsai anaweza kutumia sinia kwa sababu tu udongo wake ni wa chembe kubwa. Kama unazo kokoto, zichanganye ndani ya udongo wote. Tundu la chini lizibwe kwa kipande kimoja cha kigae au wavu, udongo usimwagike.

Mchanganyiko unaofaa hauhitaji vitu vya duka la ghali. Sehemu mbili za udongo tifutifu, sehemu moja ya mchanga wa mto wenye chembe nene, na sehemu moja ya mboji au samadi iliyooza mpaka haina harufu, vinatosha kwa sehemu nyingi. Maganda ya mpunga husaidia kufungua udongo mzito. Penye mawe mepesi ya volkano, kama upande wa Naivasha, hayo yanapita mchanga, maana yana vitundu vya hewa ndani yake. Ule mfinyanzi mweusi wa baadhi ya vitongoji vya Nairobi, unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka, usitumike hata kidogo. Udongo mwekundu wa vitongoji vingine vya jiji hilohilo unafaa sana.

Pwani ina tatizo lake, na ushauri wa bara haulitaji. Udongo wa Unguja, Mombasa au Lamu mara nyingi umekaa juu ya matumbawe, umejaa chokaa, na maji ya visima vyake ni ya chokaa pia. Bogenvilia hupendelea udongo wenye tindikali kidogo, pH kati ya 5.5 na 6.5. Chokaa ikizidi, madini ya chuma yaliyomo udongoni hufungwa na mizizi isiweze kuyachukua. Majani machanga hugeuka manjano huku mishipa yake ikibaki kijani. Wengi wakiona hivyo huongeza mbolea, na wengine humwaga jivu, ambalo huongeza alkali na kuzidisha ugonjwa. Njia ya kutokea ni kuleta udongo mwekundu wa ndani, kuongeza mboji, na kukinga maji ya mvua kila inapowezekana.

Vitu viwili vya ufukweni viangaliwe. Mchanga wa bahari una chumvi na vipande vya kombe, ambavyo navyo ni chokaa, kwa hiyo si mbadala wa mchanga wa mto. Usumba ni mzuri, lakini katika vijiji vya pwani ya mashariki ya Unguja makumbi hufukiwa kwenye tope la bahari kwa miezi ili yalainike kwa kazi ya kamba. Mabaki ya usumba wa namna hiyo yamebeba chumvi, na yafaa kuoshwa mara kadhaa kwa maji matamu kabla hayajaingia chunguni.

Lini

Vitabu vingi husema hamisha majira ya kuchipua. Kwa msomaji wa London au Toronto, ambaye bogenvilia yake hulala ndani ya nyumba wakati wa baridi, ushauri huo ni sahihi: Machi au Aprili, mwanga unaporudi, na kamwe si majira ya kupukutika kwa majani, kwa sababu mmea uliolala hauponyi majeraha na udongo wake haukauki. Kwetu swali ni jingine: ni wakati gani kuna joto la kutosha kuotesha mizizi, lakini hakuna mvua isiyozuilika?

Pwani ya Tanzania na Kenya, dirisha zuri ni mwisho wa kipupwe kuingia vuli, Septemba na Oktoba. Joto linapanda, mvua za vuli kwa kawaida ni nyepesi, na mmea una wiki kadhaa za kujijenga kabla ya jua kali la kaskazi. La pili ni mapema Februari, ili mizizi iwe imeenea kabla ya masika. Aprili si wakati wake kwa chungu kinachokaa nje: mizizi imetoka kukatwa, mbingu ndiyo inayomwagilia, na hakuna wa kuizima. Mwenye baraza iliyoezekwa anaweza kulikiuka hili.

Nairobi na nyanda za juu, tatizo ni ubaridi wa Juni hadi Agosti. Mizizi husinzia na udongo hukaa umelowa siku nyingi. Machi au Oktoba ni salama zaidi. Oman na nchi za Ghuba hugeuza kalenda: joto la Juni hadi Agosti huvuka nyuzi 40, na majani hupoteza maji kuliko mizizi iliyokatwa inavyoweza kuleta. Huko hufanywa Oktoba na Novemba au Februari na Machi.

Siku yenyewe

Kazi ni fupi kama maandalizi yamefanyika. Mwagilia siku moja kabla, ili donge liwe na unyevu wa kushikana. Lililolowa chapachapa humeguka, na lililokauka hupasuka. Vaa glavu nene na mikono mirefu, kwa sababu miiba huchoma na watu wengine huwashwa ngozi wakichomwa. Pogoa kwanza, hamisha baadaye, maana kichaka kilichopunguzwa hakiyumbi na kuvunja mizizi wakati wa kukibeba. Toa mmea, nyoa donge kama ni mzee, weka udongo chini ya chungu kipya, na pima kimo: mahali shina linapokutana na mizizi pabaki juu kama palivyokuwa. Kulizika shina ni kualika uozo. Jaza pembeni, tikisa, shindilia kidogo kwa vidole, na acha sentimita tatu juu kwa ajili ya maji. Mmea mrefu ufungwe kwenye kijiti, kwa sababu kila upepo unaoutikisa hukata mizizi myembamba iliyoanza kushika. Kisha mwagilia mara moja mpaka maji yatoke chini.

Wiki zinazoamua

Bogenvilia nyingi zilizohamishwa hufa baadaye, kwa huruma ya mwenyewe. Majani hulegea siku ya tatu. Mwenye mmea huona kiu na kuongeza maji. Mizizi iliyojeruhiwa haiwezi kuyavuta, udongo unabaki umelowa, mizizi inaoza, majani yanazidi kulegea, na ndoo inarudi tena. Waswahili wana msemo, mkamia maji hayanywi, na hapa unatimia kama ulivyo.

Dawa ni kupunguza matumizi ya maji badala ya kuongeza ugavi. Mmea ukae siku 7 hadi 14 mahali penye mwanga mwingi na jua la asubuhi tu, pasipo upepo. Maji ya pili yasubiri mpaka sentimita tano za juu zikauke. Chomeka kidole mpaka kiungo cha pili ili ujue. Kisahani kiondolewe. Mbolea isiguswe mpaka machipukizi mapya yarefuke, jambo linalochukua mara nyingi wiki nne hadi sita, kwa kuwa mizizi michanga huunguzwa na chumvi za mbolea.

Majani yakipukutika yote, usiung'oe. Kwaruza gome kwa ukucha. Penye kijani na unyevu chini yake pana uhai, na kupoteza majani ni njia ya mmea wenyewe ya kusawazisha hesabu ambayo mpogoaji hakuisawazisha. Ikiwa udongo umelowa na unanuka, toa donge utazame: mizizi mieusi inayoteleza ikatwe mpaka penye nyama nyeupe, na mmea urudishwe katika chungu kidogo kuliko ulichoutoa. Kurudi chungu kidogo huwaudhi watu, lakini ndiko kunakoondoa udongo usio na mnywaji.

Uamuzi

Yakikusanywa, mambo yanapangika kwa ngazi. Bogenvilia yenye afya inayokunywa maji yake ndani ya siku mbili tatu haihitaji kuhama, iwe ina maua au haina. Ikihitaji chakula tu, kwangua sentimita tano za udongo wa juu na uweke mboji mpya. Kazi hiyo ni ya dakika chache na haigusi mizizi ya ndani. Ikiwa imejaa chungu lakini mahali ilipo hapana nafasi ya kikubwa zaidi, nyoa mizizi, pogoa, irudishe katika chungu kilekile na udongo mpya. Chungu kikubwa zaidi ni hatua ya mwisho katika ngazi hii, na ukubwa wake uongezwe kwa sentimita tano.

Muuza miche, basi, ana haki juu ya mche wa kiriba, mtu wa bonsai ana haki juu ya mti mzee, na mwenye nyumba hakukosea kuhamisha: alikosea ujazo. Anayeuliza kama ahamishe au aache anapaswa kuulizwa kwanza chungu chake hukauka baada ya siku ngapi, na ni wapi kunakokauka mwisho. Asiyeweza kujibu hayo mawili asinunue chungu bado.